Pete ya Jicho la Kulia

Mwalimu Isaiah alikutwa amelala chali kati ya mistari miwili ya majani chai, pale shamba linapokutana na msitu. Kisogoni palikuwa na jeraha. Jiwe lenye damu lilikuwa hatua tatu kutoka alipolala. Darubini yake, ile nzuri iliyojulikana Mogogosiek nzima, ilikuwa kifuani, imelazwa sawasawa kama kitu kilichowekwa kwa mkono.

Inspekta Bitutu alichuchumaa kando ya maiti. Maiti haikumtisha. Waliomtisha ni watu waliosimama nyuma yake, wachumaji chai kama arobaini, vikapu mgongoni. Hakuna aliyekuwa akilia. Walikuwa wakinong'ona jina moja.

"Thuo."

Thuo alikuwa mwenye duka sokoni, mtu aliyetoka Murang'a zamani. Aliuza sukari na misumari, na mwaka huo wa 1996 aliuza pia darubini za bei rahisi, kwa sababu Mwalimu Isaiah alikuwa ameanzisha kikundi cha kutazama ndege. Siku ya soko iliyopita Mwalimu aliinua moja mbele ya watu akasema, "Hiki ni kitako cha chupa. Msinunue." Thuo akamjibu kwa sauti, "Mwalimu, utajuta!"

Soko zima lilisikia. Na ilikuwa imepita miaka minne tu tangu watu kama Thuo wachomewe nyumba kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Saa tatu asubuhi shahidi akajileta kituoni mwenyewe. Aliitwa Kipruto, mchumaji chai na katibu wa kikundi cha ndege.

"Ulikuwa wapi?" Bitutu aliuliza.

"Kilima cha ng'ambo, Afande. Natazama ndege."

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu, kumekucha tu."

"Ukaona nini?"

"Thuo. Anatoka kwa majani chai mbio. Koti la kijani, kiraka chekundu kwa kiwiko."

"Ng'ambo ya bonde lote lile?"

"Si niko na darubini, Afande?" Kipruto aliipapasa ile iliyoning'inia shingoni. "Mimi ndiye niliona yule ndege wa shingo ya zambarau. Uliza mtu yeyote. Wageni wanatoka Nairobi Jumamosi kuja kumwona."

Hilo lilikuwa kweli. Hata pasta alikuwa amemtangaza ndege huyo kanisani.

Bitutu alimweka Thuo mahabusu, nusu kwa kumshuku, nusu kwa kumficha.

"Niliamka saa moja, Afande," Thuo alisema akishika nondo. "Muulize Waringa, mke wangu."

"Mkeo hawatamwamini."

"Basi wataamini nani?"

Alama za vidole zilikuwa zimechukuliwa kwenye darubini ya marehemu, lakini majibu ya maabara yangechukua wiki tatu. Konstebo Phelix alimvuta Bitutu pembeni.

"Afande, hawa wakishapimiwa majani saa kumi watakuja hapa. Nimeona wawili wamebeba mafuta ya taa."

"Sisi tuko wangapi?"

"Wanne. Na bunduki mbili."

Saa nane mchana Bitutu alipanda kilima cha ng'ambo. Alimchukua Kipruto aonyeshe aliposimama, na Sally, mjane wa Mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyeijua darubini ya mumewe. Phelix alibaki upande wa pili, pale palipokuwa na maiti, amevaa koti la Thuo.

Kwanza Bitutu aliiomba darubini ya Kipruto, akaielekeza ng'ambo.

Ilikuwa kama kutazama kupitia maji yaliyooshewa vyombo. Phelix alionekana kama doa jeusi, na pande zote za doa, lilipokutana na mwangaza, palikuwa na uzi wa zambarau. Kiraka hakikuonekana. Hata kiwiko chenyewe hakikuonekana. Na sasa jua lilikuwa kali, ilhali asubuhi bonde lilijaa ukungu.

Kipruto alikuwa amedanganya. Lakini uongo wa shahidi si mauaji, na saa zilikuwa zinakwenda.

Akaitoa darubini ya marehemu kwenye mfuko wa plastiki. Jicho la kushoto lilihesabu vifungo vya koti kimoja kimoja. Jicho la kulia liliona moshi.

"Imeharibika?" alimnong'oneza Sally, wakiwa wamempa Kipruto mgongo.

Sally aliikagua bila kugusa kitu.

"Haijaharibika, Afande. Ona hii pete ya jicho la kulia. Macho ya mtu hayafanani nguvu, kwa hivyo unaizungusha mpaka yote mawili yaone sawa. Mzee alipigwa na pembe ya ng'ombe kwa jicho hili. Pete yake ilikaa mwisho kabisa, na nyumbani hakuna aliyethubutu kuisogeza."

"Na sasa?"

"Sasa imerudi huku kwingine. Kwa macho yake, Mzee hangeona kitu hapa."

Askari hawakuigusa pete. Kwa hiyo mtu mwingine alitazama kwa darubini hii, akaitengeneza kwa macho yake, kisha akairudisha juu ya kifua cha maiti.

Aligeuka akilazimisha tabasamu.

"Kipruto, wewe ndiye fundi wa ndege. Hebu jaribu hii utuambie."

Kipruto aliipokea kama mtu anavyopokea mtoto mchanga. Akaiinua. Vidole vyake havikuitafuta pete.

"Weee! Phelix anajikuna shingo. Kiatu cha kushoto hakina kamba."

"Macho yote mawili yanaona?"

"Yote, Afande. Safi kabisa."

"Na hukuzungusha chochote."

Kipruto aliishusha darubini polepole. Alimtazama Bitutu, akamtazama Sally, kisha akaliangalia bonde. Phelix alikuwa mdogo kama mchwa. Mkono wa Kipruto ulikwenda kwenye panga lake la kupogolea chai.

"Phelix yuko mbali, Afande," alisema taratibu. "Na katikati kuna mto."

Bastola ilikuwa kiunoni mwa Bitutu, lakini vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi.

Sally ndiye aliyepiga hatua mbele.

"Kipruto. Mursik, maziwa ya kibuyu changu, umekunywa miaka mingapi? Leo unataka kunikata?"

Panga likaanguka. Kipruto akakaa chini. Ndipo Bitutu alipoweza kutoa pingu.

Walipofika kituoni, umati ulikuwa umejaa uwanjani. Mawe yalikuwa yanagonga mabati. Bitutu alisimama barazani.

"Thuo hakuua! Muuaji ni huyu!"

"Uongo!" mtu alipiga kelele. "Thuo amewanunua!"

"Tuleteeni huyo wa kuja!"

Kijana mmoja alifungua kifuniko cha mtungi. Harufu ya mafuta ya taa ikafika barazani.

Sally akamshika Kipruto ukosi, akamsukuma mbele. Alisema neno moja kwa Kikipsigis, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili Inspekta asikie. "Sema."

Kipruto alianza kwa sauti ndogo. Mawe yakapungua, kwa sababu kila mtu alitaka kusikia.

"Mwalimu alimtazama ndege wangu na darubini yake. Akaniambia, 'Kipruto, huyo ni hua. Hiyo zambarau ni kioo chako kinachoipaka, ndege hana rangi hiyo.' Akasema atawaambia kikundi kabla ya wageni, nisije nikaaibika." Alifuta pua kwa pingu. "Nisiaibike! Mimi niliacha shule darasa la tano. Hapa mlikuwa mnaniita nani? Sasa mnaniita Mwalimu."

"Ukampiga," Bitutu alisema.

"Alikuwa amenipa mgongo."

"Thuo ulimtaja kwa nini?"

"Jina lake lilikuwa tayari midomoni mwenu. Sikuwa na kazi ya kulitafuta."

Kijana wa mtungi aliangalia miguu yake.

"Na darubini?" Sally aliuliza. "Kwa nini ulimvua mume wangu darubini?"

"Nilitaka kujua, mama. Ndege alikuwa bado juu ya mti. Jicho moja likaona moshi, nikazungusha mpaka likaona."

"Ukaona nini?"

Kipruto alilia kama mtoto.

"Hua. Wa kijivu. Anakula tu matunda."

Watu walianza kuondoka wawili wawili, bila kutazamana. Yule kijana alirudisha kifuniko akauchukua mtungi wake, maana mafuta hayakuwa yametumika.

Bitutu alikwenda kufungua mahabusu. Thuo alikuwa amejibana pembeni, ametandaza koti la mfungwa mwingine kichwani.

"Toka, Mzee. Umeachiliwa. Amekiri mbele ya wote."

"Nimesikia, Afande."

"Basi twende. Waringa anakungoja."

Thuo hakusogea.

"Wameenda wote?"

"Karibu wote."

"Nifungie kidogo," Thuo alisema. "Nitatoka wakiisha kuondoka."