Mama, Ongeza Sauti

Wazazi wenzangu, na ninyi mnaotarajia kuwa wazazi, nipeni masikio. Sisemi hivyo kwa mazoea tu ya wasimuliaji. Kisa chenyewe ni cha masikio, na kimetokea hapa hapa mtaani, mkabala na mlango wangu.

Katika nyumba hiyo waliishi mume, mke na binti yao mmoja. Mume ni mpaka rangi wa majumba. Mke ni fundi cherehani, na siku hizo alishonea barazani. Binti yao tulimwita Kasuku, kwa sababu alianza kusema mapema na tangu hapo hakunyamaza. Alikuwa na maswali mpaka unajuta kwa nini ulimjibu lile la kwanza.

Jioni baba yake akirudi kazini, huketi kwenye kigoda akajisugua vidole kwa kitambaa chenye mafuta ya taa ili rangi itoke. Kasuku huwa ameshachuchumaa mbele yake.

"Baba, leo umepaka rangi gani?"

"Bluu."

"Nyumba imekubali?"

"Itakataaje? Haina mdomo."

"Sasa umejuaje kama imependa?"

Baba Kasuku alicheka hadi kitambaa kikamdondoka. Mkewe naye akasimamisha cherehani, maana mtu hawezi kunyoosha mshono huku mabega yanamcheza kwa kicheko. Hawakuwa na makubwa watu wale, lakini walikuwa na mazungumzo. Sisi majirani tuliyasikia, tukatabasamu peke yetu majikoni mwetu.

Kisha ikaja televisheni.

Baba Kasuku alikuwa amemaliza kupaka rangi jengo moja refu la ofisi. Akarudi na boksi lililobebwa na wanaume wawili, wakiingia nalo kinyumenyume mlangoni kama wanaingiza kitanda cha bibi harusi. Ndani yake mlikuwa na kioo cheusi, chembamba kama sinia, kipana kama meza ya kulia, cha kutundikwa ukutani. Tena hakikuhitaji kubonyezwabonyezwa. Ulisema tu kwenye rimoti, "Nataka mpira," nao mpira ukaja. Mtaa mzima tulikwenda kushangaa. Babu mmoja alipoambiwa kuwa kitu kile kinasikia, alikiamkia kwa adabu zote. Kilipokaa kimya akasema hakikulelewa vizuri.

Sikatai, ni kitu kizuri. Kasuku ndiye aliyefurahi kuliko wote. "Katuni ya sungura!" aliamuru, na sungura akatokea akirukaruka. Mwanzoni, katuni ikiisha, alimfuata baba yake kumsimulia yote, hata yale ambayo sungura hakuyafanya.

Lakini kidogo kidogo mambo yakabadilika, na hakuna aliyeyaona yakibadilika. Mama Kasuku alihamisha cherehani kutoka barazani akaiweka sebuleni, ili ashone huku anaangalia tamthilia. Baba Kasuku akawa anakula macho yakiwa kwenye mpira, mkono ukiitafuta sahani kwa kupapasa. Kasuku akiuliza swali aliambiwa, "Subiri kidogo mwanangu, tangazo likija." Na tangazo lilipokuja, nalo likawa tamu kulitazama.

Mvua zilipoanza, mtoto akashikwa na mafua, halafu homa. Akawa analia huku ameshika sikio. Kuna aliyemshauri mama amtilie mafuta ya uvuguvugu, naye akatia. Sikio likaanza kutoa usaha. Mama akaufuta kwa pamba, akasema, "Kesho nitampeleka hospitali." Alikuwa na sare za harusi za kumaliza, na wenye sare walikuwa wanagonga mlango. Kesho yake homa ikashuka. Mtoto akakaa mbele ya katuni, akaacha kulia.

Mtoto akinyamaza, mzazi hudhani amepona. Usaha ulikauka, ukarudi, ukakauka tena, na sikio la pili nalo likaanza. Kila mara pamba ilifanya kazi yake na safari ya hospitali ikasogezwa mbele.

Ndipo Kasuku alipoanza kusema, "Mama, ongeza sauti."

Mama aliongeza. Baada ya siku kadhaa, "Mama, ongeza." Akaongeza tena. Kasuku akahama kutoka kwenye mkeka akasimama karibu kabisa na kioo, pua nusura ikiguse. Baba yake akatania, "Huyu iko siku ataingia humo ndani, tukamwone kwenye taarifa ya habari." Wakacheka.

Wageni walimsifu. Walisema mtoto ametulia, hasumbui, hana maswali. Kweli hakuwa na maswali tena. Lakini maneno yakipungua polepole ni kama mtungi wenye ufa: huoni maji yanapotoka, unakuja kuuinua ndipo unagundua ni mwepesi.

Siku moja Kasuku alishika rimoti akaiomba katuni yake. Televisheni ikaandika kwamba haikumwelewa. Akarudia, haikumwelewa. Akapiga kelele, akalia. Baba Kasuku akamwita fundi wa TV.

Fundi alifungua, akaangalia, akafunga. Akasema kwenye rimoti, "Mpira." Mpira ukaja. "Taarifa ya habari." Ikaja.

"TV yako nzima, kaka. Inanisikia vizuri tu."

"Mbona mtoto haimsikii? Zamani ilimsikia."

"Mwambie aseme tena."

Kasuku akasema. Lile neno "sungura" lilikuwa limepoteza kingo zake, limebaki kama uji. Fundi akakuna kichwa. "Labda hizi hazijazoea sauti za watoto. Mfundisheni kubonyeza."

Wakamfundisha kubonyeza. Jamani! Chombo cha plastiki na nyaya kilitambua kwamba sauti ya mtoto imebadilika, na waliomzaa wakaenda kukitafutia chombo fundi.

Baba Kasuku ana dada yake, muuza mitumba sokoni, mwanamke wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Hakuwa amefika pale tangu kabla ya mvua. Siku aliyokuja alisimama mlangoni akaita, "Kasuku wa shangazi! Njoo unipokee!" Mtoto alikuwa amempa mgongo. Hakugeuka. Shangazi akaita tena, na tena. Kisha akaweka furushi lake chini taratibu, kicheko kimemtoka usoni.

"Wifi, mtoto huyu hasikii."

"Anasikia sana," alijibu mama, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Akiwa kwenye katuni hata uimbe haitiki."

"Nimemwita kwa sauti inayosimamisha wateja sokoni. Hata bega halikutikisika. Na wewe, lini amekuuliza kitu?"

"Mtoto ametulia, wifi. Au ulitaka tusipate raha kidogo humu ndani? Tangu TV hii iingie, kila mtu ana la kusema. Kama ni wivu umekukaa rohoni, sema."

Shangazi alimtazama kaka yake. Kaka yake akaitazama katuni.

"Haya," alisema shangazi. Akachukua furushi lake akaondoka, chai imemiminwa kikombeni haijaguswa. Ndugu zangu, adui hakuonyi. Adui angekaa, akanywa ile chai na kusifu picha.

Jumapili moja mchana umeme ulikatika mtaa mzima. Ukimya uliingia ghafla hadi tukasikiana tukikohoa nyumba kwa nyumba. Mama Kasuku alikuwa anatoa vyombo jikoni. Sufuria kubwa ikamponyoka ikatua kwenye sakafu ya saruji. Mimi nilishtuka huku kwangu. Baba Kasuku aliruka kitini.

Kasuku alikuwa amesimama palepale, ameelekea kioo cheusi. Hakujitikisa.

"Kasuku," mama aliita. "Kasuku!" Kisha akamwita kwa jina lake halisi, ambalo lilikuwa la marehemu bibi yake mzaa mama, naye mama hulitaja kwa nadra.

Baba alimsogelea mtoto kwa nyuma, akapiga makofi kisogoni kwake. Akapiga tena kwa nguvu. Unyoya wa kuku ungejua kuna upepo; mtoto hakujua kitu. Baba akazunguka akachuchumaa mbele yake. Kasuku alipomwona akatabasamu, akanyoosha kidole kwenye kioo kilichokufa, akasema kwa sauti nzito isiyo na sura, "Ongeza."

Kilio cha mama kilitutoa sote majumbani. Tulidhani kuna maiti.

Daktari wa masikio alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyeharakisha mtu. Alimpima Kasuku kwa muda mrefu. Kisha akawaambia ukweli bila kuuzungusha.

"Sikio hili limekufa. Hili lingine limebakiwa na kidogo sana. Kuna kifaa cha kumsaidia, lakini hakitarudisha kilichokwenda. Mngemleta usaha ulipoanza, tungeokoa sehemu kubwa."

Akachukua kalamu na kadi ya mtoto.

"Alianza lini kutosikia?"

Baba akamtazama mama, mama akamtazama baba.

"Basi niambieni mara ya mwisho mlipozungumza naye hivi hivi tu, mkamuuliza jambo akajibu."

Baba Kasuku alitazama madoa ya rangi kwenye mikono yake kana kwamba jibu lingekuwa hapo. Hakukumbuka. Mama alifunika uso kwa kanga.

"Mimi ndiye niliyekuwa naongeza," alisema ndani ya kanga. "Kila akisema ongeza, nikaongeza. Nilidhani anapenda."

"Alikuwa anawaambia, mama," daktari alisema polepole. "Hakuwa na njia nyingine ya kusema."

Walirudi nyumbani, na baba akaing'oa televisheni ukutani siku hiyohiyo. Kasuku alilia mpaka akalala chini ya misumari mitupu. Alikuwa amepoteza karibu sauti zote za dunia, sasa wamemnyang'anya na picha. Ikabidi irudishwe. Niwaambie, hakuna kazi ngumu niliyowahi kumwona mwanaume akiifanya kama ile ya kuitundika tena.

Mama Kasuku alikwenda sokoni kwa miguu. Alimkuta wifi yake katikati ya marundo ya nguo, akapiga magoti hapo hapo mbele ya wateja.

"Inuka," shangazi alimwambia, akimshika kwapani. "Inuka, wifi. Wallahi ningefurahi kuonekana mwenye wivu maisha yangu yote, mradi niwe nimekosea."

Wakashikana, wakalia. Hakuna aliyenunua kitu kwa muda.

Sasa Kasuku anasoma shule ya watoto viziwi. Amepata wenzake, na mikono yake imekuwa myepesi. Anazungumza nayo mpaka wakati wa kula. Baba yake na mama yake huenda shuleni kujifunza lugha ya alama, lakini vidole vya mtu mzima aliyeshika brashi maisha yake yote ni vigumu kama vijiti.

Juzi nilikuwa kwao. Kasuku alikuja mbio kutoka nje, akasimama mbele ya baba yake, akamuuliza jambo refu kwa mikono, uso wote ukishiriki. Baba alikaza macho. Akamwashiria arudie. Akarudia, taratibu zaidi. Nikaona jinsi baba anavyosogeza midomo, anakamata alama moja, ya pili inamteleza. Akamwomba arudie tena. Mtoto alimtazama kidogo. Kisha akampapasa bega, kama mkubwa anavyomfariji mdogo aliyeshindwa, akakimbia kurudi kwa wenzake.

"Ameuliza nini?" nilimwuliza.

"Sijui," alisema Baba Kasuku. "Sijui, jirani. Na alikuwa anataka kujua."

Akageukia ukuta ili nisimwone.

FUNZO

Ndugu zangu, mtu asitoke hapa akasema nimelaani televisheni. Ni akili ya binadamu, na hutuletea mengi ya kufurahia na kujifunza. Tuinunue tukiweza, tukae pamoja, tucheke. Lakini hailei mtoto. Itamnyamazisha, na kumnyamazisha mtoto si kumlea. Mtoto aliyekuwa na maneno mengi akianza kukosa maneno, huo si utulivu. Ni mlango unafungwa, na yeye yuko upande wa pili.

Sikio likitoa usaha, usitie mafuta wala usisikilize wapita njia, hata kama ni mimi. Nenda hospitali leo. Harusi ya watu itafungwa hata sare zikichelewa. Na anayekuja kukwambia jambo baya kuhusu mwanao, mkaribishe kiti kabla hujamwita mwenye wivu, kwani huenda akawa ndiye mtu pekee aliyemtazama mtoto siku hiyo.

Kesho asubuhi, mwanao akiwa amekupa mgongo, mwite kwa sauti ya kawaida. Akigeuka, mshukuru Mungu, zima kila kitu, umuulize ameota nini. Asipogeuka, iache chai mezani. Mbebe, uende.