Aliyeitika Nyuma ya Batiste

Jina la Iosefa Matagi halikuitwa asubuhi ile, lakini aliitika.

Chifu Raymond Oxendine, baharia mwandamizi msimamizi wa kikosi, alikuwa amewapanga vijana wake kwenye banda la ndege, chini ya sitaha ya manowari ya kubeba ndege, akiwaita mmoja mmoja. Hao ni wale wa fulana za buluu, wanaosukuma ndege za kivita, kuzifunga minyororo zikitua na kuzifungua zikitaka kuruka. Aliita, "Batiste!" Trevor Batiste akajibu, "Nipo, Chifu." Kabla Chifu hajaita jina lililofuata, sauti nyingine ikasema nyuma ya Batiste, pale alipozoea kusimama Matagi, taratibu, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, "Nipo, Chifu."

Chifu akainua uso. "Nani huyo?"

Akawapitia kwa macho mmoja mmoja.

"Nimeuliza, nani huyo? Mnamfanyia marehemu mzaha? Nikimpata atasugua vyoo vya meli hii mpaka ndevu zimwote mvi!"

Siku nyingine wangecheka. Leo kila mtu alitazama viatu vyake, isipokuwa Batiste, kijana mwembamba wa Louisiana, ambaye alikuwa akitabasamu peke yake kama mtu aliyeletewa salamu kutoka kwao. Nyuma yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu, sakafu ya chuma ilikuwa imelowa. Walipotawanyika, Chifu aliinama akachovya kidole, akakigusisha ulimi. Chumvi.

Iosefa alikuwa Msamoa, mtoto wa kisiwa cha Tutuila, mpana wa mabega, mwimbaji, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Batiste alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Walilala kitanda cha juu na cha chini na kugawana kila kitu mpaka soksi. Siku ya msiba sitaha ilikuwa na maji ya mvua. Ndege ikageuka kwenda mahali pake, upepo wa injini yake ukakutana na dhoruba ya ghafla, na Iosefa akasombwa kama karatasi. Hakuna aliyekosea. Kila mtu alikuwa mahali pake, na bahari ikamchukua.

Nahodha Prudence Halvorsen aligeuza meli papo hapo. Helikopta zilizunguka siku nzima na siku iliyofuata, na mabaharia wasio na zamu wakasimama ukingoni wakikodolea mawimbi macho mpaka yakawawasha. Iliokotwa kofia ngumu tu. Ndipo Nahodha alipozungumza kwenye vipaza sauti, na wote wakasikia jinsi alivyokuwa akimeza mate kati ya neno na neno: "Nimeamuru tuache kutafuta. Matagi alikuwa wenu, na alikuwa wangu." Meli ikageuka tena ikaendelea na safari, kwa kuwa safari ya vita haina mwenyewe wa kuisimamisha.

Baada ya asubuhi ile ya kuitika, mambo hayakukaa sawa. Ndani ya manowari hakuna dirisha. Mchana na usiku ni taa tu, nyeupe zikigeuka nyekundu, na mtu hulala kwa saa wala si kwa jua. Katika chumba cha fulana za buluu, kitanda cha Iosefa kilikuwa kimetandikwa na vitu vyake vimefungashwa vikingoja kupelekwa nyumbani. Lakini kila zamu ilipoamka, godoro lile lilikuwa limelowa chapachapa, na chumba kizima kilinuka mwani uliooza uliochanganyika na mafuta ya ndege. Walilibadilisha. Likalowa. Wakalitoa kabisa, wakaacha chuma kitupu, na chuma kikatoa jasho la chumvi.

"Bomba linavuja," alisema mmoja.

"Bomba gani la maji ya bahari linapita kichwani mwako? Labda lile la akili yako," akajibu mwenzake, lakini alisema hivyo huku akikunja blanketi lake, na wote wawili wakaenda kulala kwenye korido, chini ya miguu ya wapita njia. Chumbani akabaki Batiste peke yake.

Chifu alianza kumfuatilia. Akamwona katika ukumbi wa chakula akichukua sinia mbili, moja akiiweka mbele ya kiti kitupu. Wali na kuku wa sinia ile havikuguswa na mtu, lakini Batiste alipoinuka vilikuwa vimegeuka uji mweupe unaonuka maji ya bahari.

"Batiste, mwanangu, unafanya nini?"

"Ana njaa, Chifu."

"Nani?"

"Chifu naye! Si unamjua?" Akacheka kidogo, kisha akanong'ona, "Anasema kule chini ni baridi na hakuna wa kuzungumza naye. Mimi nikiacha kumjibu, atamjibu nani?"

Chifu alimpeleka kwa daktari. Daktari akampa vidonge vya usingizi, akasema huzuni ina njia nyingi. Lakini vidonge vya Batiste havikuweza kuwaziba wengine masikio. Kile kitu kilichoitika kilikuwa kikijifunza sauti nyingine. Baharia mmoja alisikia mama yake akimwita kwa jina la utotoni kutoka kwenye mdomo wa bomba la hewa, na mama yake alikuwa hai Ohio. Mwingine alisikia mtoto mchanga akilia nyuma ya ukuta ambao nyuma yake hakuna ila bahari. Vijana wakaacha kuvua viatu wakilala.

Kisha ikaja siku ya jua kali, saa za adhuhuri, ndege zote zimetulia. Chifu alikuwa akivuka banda alipoona lifti ya kupandishia ndege imeteremshwa, wazi upande wa bahari, kamba ya usalama imefunguliwa, na Batiste amesimama ukingoni kabisa, vidole vya viatu vyake viko hewani, akizungumza na kutikisa kichwa kama anayekubali jambo aliloombwa kwa siku nyingi. Chifu hakuthubutu kuita, akaenda kwa kunyata, na alivyozidi kusogea ndivyo baridi ilivyozidi kumpanda miguuni juani pale pale, na ile harufu ya mwani ikamjaa kooni, akaona nyayo za maji zikipanda kutoka ukingoni na kumzunguka Batiste, nyayo pana za mtu asiye na viatu, mpya, zinazozidi kuongezeka bila mtu wa kuzikanyaga, na alipomkamata kijana mkanda na kumvuta nyuma wakaanguka wote wawili, ndipo sauti ya Iosefa, ile ile ya upole ya mtu aombaye radhi, ikamsemea sikioni kwa pumzi iliyolowa: "Chifu, mbona mliniacha?" na chini ya sauti ile, kama mtu anavyosikia mtu wa pili nyuma ya pazia, kulikuwa na kingine kikimfunza Iosefa maneno ya kusema.

Batiste alilia kifuani mwa Chifu. "Hataki kukaa peke yake. Niache niende, Chifu. Ni karibu tu."

Chifu alipanda moja kwa moja kwa Nahodha, bila kupitia kwa mkubwa yeyote. Alitarajia kufukuzwa. Nahodha Halvorsen alimsikiliza amesimama, mwanamke mrefu mwenye mvi, kisha akafunga mlango.

"Simu ya chumba cha usukani hulia," alisema polepole. "Naiinua mwenyewe. Sauti ya Matagi huniambia, 'Nahodha, nilikuwa naziona taa zenu.' Nimefikiri ninaingia wazimu, Chifu. Na nahodha akiingia wazimu, hana wa kumwambia."

Wakatazamana, wakubwa wawili wasio na amri ya kutoa. Mwishowe Chifu akasema, "Mama Leota wa jikoni anatoka kisiwa kimoja na Matagi."

Talia Leota alikuwa msimamizi wa majiko, na mabaharia walimwita Mama hata waliomzidi umri. Bibi yake alikuwa mganga wa kisiwa, na yeye alikuwa amesaidia kazi hiyo kabla ya kuvaa sare. Aliposikia habari hakushtuka. Aliketi, akafuta mikono kwenye aproni.

"Nilinusa tangu siku ya kwanza," alisema. "Nikasema, huenda akajiondokea mwenyewe. Nahodha, yule si Iosefa mtupu. Sefa yumo, lakini jini la maji limemvaa kama mtu avaavyo shati. Mfa maji hukamata chochote, na kilichomkamata yeye kimekamata sauti yake. Na huyu mtoto Batiste kila siku anakilisha."

"Kifanywe nini?"

"Kwetu, mtu akipotea baharini tunatandika mkeka mbele ya maji, tunamwita. Kiumbe hai kikija juu yake, tunakikung'uta. Kikirudi, tunakikung'uta. Kikirudi tena, ndiye yeye. Tunamkunja, tunampeleka kwao. Jini hubaki bila shati." Akamtazama Nahodha. "Lakini akiwa peke yake, bila jini, hawezi kuifukuzia meli. Mfu anaogelea polepole. Lazima usimame."

Nahodha alitazama ramani ukutani kwa muda. Kuisimamisha manowari kubwa kama ile katikati ya bahari, bila hitilafu wala amri, ni jambo ambalo admirali, mkubwa wake, angetaka kulijua kabla ya chakula cha jioni.

"Nilimwacha mara moja kwa sababu nilitakiwa kwenda," alisema. "Leo sitakwenda." Akainua simu.

Alasiri ile mitambo ilinyamaza. Watu ambao miezi mizima walikuwa wamezoea mtetemo wa sakafu waliyumba kama walevi kwa utulivu. Lifti ikateremshwa tena. Mama Leota akaleta mkeka wake mwenyewe, laini kama hariri, uliosukwa na mama yake ili yeye, Leota, aje azikwe nao, akautandaza ukingoni. Akapiga magoti. Batiste akakaa nyuma yake, Chifu amemshika mkanda kwa mikono yote miwili.

"Atakuita," Mama alimwambia kijana. "Ukimjibu, tumempoteza, na wewe pia. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Mama."

Akaanza kuita. Alimtaja Iosefa, akamtaja baba yake na babu yake, akataja kijiji na mlima ulio juu ya kijiji, akisema kwa Kisamoa, "Sau, sau," yaani njoo, njoo. Bahari ikalala kama mafuta. Kisha harufu ikapanda, na sauti ikatoka chini majini.

"Trevor."

Batiste akauma mkono wake.

"Trevor, ndugu yangu, mbona huniangalii? Nimefanya nini? Nisamehe kama nimekukosea. Nipe mkono tu. Trevor, giza huku. Trevor!"

Ilikuwa ni sauti ya mtu mwenye haki ya kujibiwa, na hilo ndilo lililotisha kuliko ukelele wowote. Machozi yalimchuruzika Batiste hadi shingoni, damu ikamtoka mkononi, na hakujibu. Nyuma yao Nahodha alikuwa amevua kofia.

Ndipo sisimizi akatokea. Mmoja, mweusi, katika meli ya chuma mamia ya maili kutoka ardhi yoyote. Alitoka upande wa maji, akapanda kwenye mkeka, akasimama katikati. Mama Leota akaukung'uta mkeka, akautandika tena. Sisimizi akarudi. Akamkung'uta. Safari hii alikawia, na sauti ya chini ikaanza kupasuka, ikaita majina ya watu wote waliokuwapo, kwa sauti za mama zao na watoto wao, ikasihi, ikatukana, hadi Chifu akahisi mikono yake mwenyewe ikitaka kulegea. Sisimizi akapanda mara ya tatu, polepole, kama mtu mchovu anayepanda ngazi za kwao.

"Karibu, Sefa," alisema Mama Leota, na akaukunja mkeka upande huu na upande huu, kwa upole, kama anayemfunika mtoto.

Chini kukasikika pigo moja kwenye ubavu wa meli, zito, lililotetemesha minyororo ya ndege zote. Halafu ukimya. Ile harufu ikaondoka na upepo. Batiste akainama juu ya mkeka, na sasa, kwa kuwa aliruhusiwa, akasema maneno yote aliyokuwa ameyazuia.

Admirali aliuliza kwa nini meli ilisimama. Nahodha Halvorsen alijibu, "Nilikuwa nampokea mtu wangu," na hakueleza zaidi. Hakupewa meli nyingine baada ya ile. Batiste alipona, ingawa mpaka leo ukimwita kutoka nyuma hageuki. Sharti uende mbele yake.

Mkeka ulipelekwa Tutuila na Chifu Oxendine mwenyewe, ameupakata njia nzima, akikataa kuuweka mahali pa mizigo. Mama yake Iosefa aliupokea mlangoni. Hakuufungua. Aliulaza chini, mahali ambapo mwanawe alizoea kulala, naye akalala kando yake, mkono juu ya mkeka, akimwimbia kwa sauti ya chini.

Nje, karibu na ukuta wa nyumba, kama ilivyo desturi ya kule, baba alikuwa akichimba kaburi. Chifu akaenda kusimama karibu.

"Mkeka ni mdogo," alisema mzee bila kuinua kichwa. "Shimo fupi latosha."

"Ndiyo, baba."

Lakini mzee aliendelea kuchimba. Alilipita shimo la mkeka, akalipita la mtoto, akazidi kulirefusha na kulipanua, kwa mwanawe mwenye mabega mapana. Chifu akavua koti la sare, akashuka ndani, akachukua koleo la pili.