Taa Iliyobandikwa Tepu Nyeusi

Mpiga picha alikuwa na adui mmoja: mwanga asioualika. Chumba alichotumia kurekebisha rangi za filamu za harusi kilikuwa na mapazia mazito. Kila kitaa kilichothubutu kuwaka alikibandika tepu nyeusi. Alibandika cha chaja, cha redio, na cha kabati la diski za kutunzia filamu, lililokaa kando ya seva.

"Baba yenu akipata ngazi ndefu, atalibandika jua," mkewe alisema. Binti yao akacheka.

Binti huyo alikuwa anakaribia kuolewa. Aliomba kitu kimoja tu: sauti ya bibi isikike kwenye sherehe. Bibi, mzaa mama, alikuwa amefariki. Mpiga picha aliwahi kumrekodi akizungumza. Filamu hiyo ilikuwa ndani ya kabati la diski, hakuna pengine. Mkewe hakuwa amepata moyo wa kuitazama.

Siku moja kabati lilianza kulia: pii, pii, pii. Mpiga picha alikuwa anapanga sauti za filamu. Akachukua sponji, akaishindilia kwenye tundu la king'ora, akaendelea na kazi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini nani angedhani kabati nalo ni mkuu?

Baada ya siku chache aliifungua filamu ya bibi. Picha ilisogea kidogo, ikaganda. Mkewe alikuwa mlangoni. Alimwona mama yake amefungua mdomo, neno halitoki.

"Ngoja nizime niwashe," mume akasema.

"Usiguse! Namwita jirani."

Jirani yao alikuwa mama wa makamo, fundi wa seva za hospitali. Alilitazama kabati, akaibandua tepu. Chini yake taa nyekundu ilikuwa inawaka.

"Shemeji, hapa diski moja imekufa. Ya pili inaumwa. Kabati limekulilia, ukaliziba mdomo."

"Mbona kazi zilikuwa zinafunguka?"

"Kwa sababu ya kadi hii. Inaitwa kontrola ya RAID, ndiyo msimamizi wa diski. Hugawa kazi zako kwenye diski zote nne, pamoja na hesabu ya akiba. Moja ikifa, hutumia zilizobaki kuziba pengo. Ya pili ikifa kabla hujabadilisha ya kwanza, yote yamekwenda."

"Basi tuweke diski mpya sasa hivi!" mke akasema.

"Polepole, dada. Diski mpya ikiingia, kontrola huzisoma nyingine zote ili iijaze. Hii mgonjwa inaweza isistahimili. Tumtoe mama kwanza."

Jirani akaunganisha diski ya nje, akaanza kunakili. Mstari wa kunakili kwenye kioo cha kompyuta ulisogea, kisha ukasimama. Mke alikuwa amekasirika, lakini alimshika mumewe mkono.

"Nimemziba mama mkwe mdomo," mume alisema kwa sauti ndogo.

Mstari ukasogea tena. Ukafika mwisho.

Filamu mbili za wateja hazikupona. Mpiga picha alikwenda mwenyewe kuomba radhi, na hakuna aliyemchekea.

Diski mbovu zilibadilishwa. Walipotaka kununua kontrola ya kisasa badala ya ile ya zamani, jirani aliwaonya. "Msiangalie kasi tu. Ulizeni kama inaendana na kabati na diski zenu. Umeme ukikatika, ina betri ya kushikilia kazi ambayo haijaandikwa kwenye diski? Betri huchoka, kwa hiyo mwikague. Diski ikiharibika, itawatumia ujumbe kwenye simu? Tena RAID si nakala. Ukifuta filamu kwa makosa, itaifuta kwa utiifu kabisa. Nakala ikae nyumba nyingine."

Seva na kabati vikahamishiwa sebule ya wateja, ambako taa hazimkeri mtu. Mke ndiye mkaguzi: hutazama taa, hali ya betri na vumbi kwenye feni. Diski ya akiba iko rafuni. Nakala iko kwa jirani.

Karibu na harusi, kabati lililia tena. Mpiga picha alimwacha mteja katikati ya tabasamu, akakimbia. Diski ikabadilishwa siku hiyohiyo. Hakuna kilichopotea.

Kwenye sherehe, filamu ikawashwa. Bibi alionekana kwenye kioo kikubwa, amekunja uso.

"Mkwe, hako kataa kekundu ka nini?"

"Kanaonyesha unarekodiwa, mama."

"Basi kaache kawake. Nina la kusema."

Ukumbi mzima ulicheka. Mpiga picha peke yake ndiye aliyelia.