Mume Wangu Alikataa Kuingia Katika Pakingi Aliyoikarabati

Nina miaka arobaini na moja, mama wa binti mmoja, na ninaandika haya nikiwa katika chumba cha kupanga huku Langas, mjini Eldoret. Si hapa nilipotarajia kuwa. Juzi juzi tu nilikuwa na mume, kazi nzuri, na nyumba yetu wenyewe iliyokuwa ikingoja mabati. Wasomaji wenzangu, nisikilizeni hadi mwisho, kisha mniambie kama kuna mke ambaye angeliona jambo hili mapema kuliko nilivyoliona mimi.

Kazi yangu ilikuwa kusimamia pakingi. Si uwanja wa wazi, bali jengo la ghorofa la kuegesha magari katikati ya mji. Mwenye jengo alikuwa Mzee Kosgei, mkulima wa mahindi kutoka upande wa Burnt Forest ambaye siku hizi anaishi mtaa wa Elgon View. Alinikabidhi jengo lote. Watu hudhani kazi ya pakingi ni kufungua geti na kufunga... laiti wangejua. Nilihakikisha taa zinawaka, mafuta yaliyomwagika yanasuguliwa, na mifereji ya maji haizibi. Magari huingia na mvua na matope, na maji hayo hutafuta ufa. Yakishaupata, huingia ndani ya saruji hadi kwenye vyuma, na vyuma huanza kuoza.

Ndivyo ilivyotokea kwetu. Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa ya kwanza iliyokuwa juu ya ofisi yangu na kibanda cha tiketi, ilianza kuvuja. Kwanza tuliona doa, kisha mistari ya kutu, kisha saruji ikaanza kubanduka. Nikamweleza Mzee. Akaniuliza kama ninamjua fundi wa kuaminika.

Nilimjua. Nilikuwa nimeolewa naye.

Fred na mimi tulitoka pamoja upande wa ziwa, tukaja Eldoret tukiwa maharusi. Alianza kwa kuchanganya simiti kwenye majengo ya wengine hadi akawa kontrakta mwenye watu wake. Mzee alimpa kazi hiyo kwa neno langu tu. Mzee mwenyewe alinunua vyuma vipya na simiti, vikashushwa pale pakingi mimi mwenyewe nikiona. Fred akaning'iniza turubai pande zote, akafanya kazi nyuma yake na watu wake, na alipolishusha, dari ilikuwa nyeupe pe. Mzee alifurahi sana, akatuombea baraka palepale.

Ni baada ya hapo ndipo mambo yalianza kubadilika.

Zamani, kila jioni Fred aliingia na gari lake, akaegesha mbele ya ofisi yangu, akanywa chai nasi. Nasi ni mimi, binti yetu Ivy ambaye alikuja kufanyia homwaki pale mezani kwangu, na Jerotich, karani wa tiketi. Jerotich alikuwa rafiki yangu. Tulikula pamoja, tukasengenya pamoja, nikamfariji alipofiwa na baba yake.

Sasa Fred hakuingia tena. Alipiga simu tu. "Toka nje, niko hapa barabarani." Mwanzoni nilidhani ni haraka ya msongamano. Lakini hata mvua iliponyesha alinisubiri ng'ambo ya barabara, nikamfikia nimelowa, huku ndani kuna nafasi tele. Nilipomuuliza, alisema geti letu linamchelewesha.

Kisha akasema kuhusu Ivy. "Mtoto asikuje huko tena. Moshi ya magari itaharibu kifua yake." Ivy hakuwa amekohoa hata siku moja. Tangu lini moshi ukamsumbua mtu ambaye mwenyewe alimleta pale kila siku?

Nikaanza kushuku... na mke akishuku, anashuku nini? Niliona kwamba mume wangu anamkwepa mtu mle ndani, nisije nikawaona pamoja nikagundua. Na mle ndani kulikuwa na mwanamke mmoja tu zaidi yangu.

Jioni moja Jerotich aliniuliza, "Madam, kwani mzee wako tulimkosea? Siku hizi haingii hata kunywa chai." Alisema hivyo akitabasamu. Mimi nikasikia kama ananipima. Simu yake ikilia, nilitega sikio. Akivaa vizuri, nilijiuliza amevalia nani. Nikaacha kula naye. Nilimuuliza Fred waziwazi kama kuna kitu kati yao, akacheka... na sasa najua kwamba alicheka kwa sababu alifarijika. Nilikuwa nimeelekeza macho yangu pabaya, na hilo lilimfaa sana.

Basi mchana mmoja wa mvua kubwa, kipande cha dari kilianguka juu ya boneti ya pikapu. Nilikimbia nikamkuta mwenye gari anafoka. Nikainua macho.

Penye shimo sikuona chuma kipya. Niliona chuma kilekile cha zamani, kimelika na kutu hadi kuwa chembamba kama kidole cha mtoto. Kando yake kulikuwa na makaratasi. Ilikuwa mifuko ya simiti iliyokunjwakunjwa, ikashindiliwa ndani ya mashimo, kisha ikapigwa plasta nyembamba na rangi juu. Nilisimama pale hadi mwenye pikapu akasahau hasira zake, akaniuliza kama ninaumwa.

Sikuumwa. Nilikuwa naelewa. Hakukuwa na mwanamke. Mume wangu alikuwa akiikwepa dari.

Jioni hiyo nilimwandalia chakula, nikaketi mbele yake.

"Baba Ivy, vyuma vya Mzee viko wapi?"

"Viko kwa slabu. Kwani wewe ni injinia sasa?"

"Basi kesho ingia na gari, upaki mbele ya ofisi. Tunywe chai kama zamani."

Alitafuna polepole. "Kesho niko na kazi mbali."

"Na kesho kutwa?"

Akasukuma sahani. "Mama Ivy, mimi sitaki hii tabia ya kuchunguzana." Akatoka nje na simu yake.

Asubuhi niliwahi kazini. Nikaweka mapipa na kamba kwenye njia ya kupandia, nikawataka wenye magari ya chini wayatoe, nikahamishia meza yangu nje karibu na geti. Kisha nikampigia Mzee Kosgei. Alinijibu kwa upole ulionitisha. Alisema anajua, kwamba Fred amempigia tangu jana, na kwamba yuko njiani.

Walifika pamoja, yeye na Fred. Mzee alinivuta kando. "Mama, mume wako ameniambia shida iko wapi. Unashuku huyu msichana wa tiketi. Mambo ya nyumbani yaishie nyumbani. Usifunge kazi ya watu kwa sababu ya wivu."

Wasomaji wenzangu, mnaona Fred alivyonifunga? Alichukua shaka yangu ya uongo, akaitumia kuizima ile ya kweli. Ningekanaje? Nilikuwa nimemuuliza kwa kinywa changu.

Nilimwonyesha Mzee lile shimo. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Fred alimjibu haraka akiwa kule getini, "Hiyo ni plasta tu, Mzee. Vyuma viko juu yake huko ndani. Nitaziba kesho."

Nikasema, "Mzee, mwambie asimame hapo chini yake tukiongea."

Fred hakusimama. Alienda kwenye njia ya kupandia, akayasukuma yale mapipa kando kwa mikono yake mwenyewe, akafungua kamba. Kisha akasema ana simu ya haraka, akatoka nje, akavuka barabara.

Nilimwendea Jerotich, nikamwomba asiingie kibandani. Aliniangalia kwa namna ambayo sitaisahau. Alikuwa amesikia yote. "Madam, kumbe ndiyo maana ulikuwa unanikazia sura. Mimi nimechoka na mambo yenu. Wacha nifanye kazi yangu." Akaingia, akafunga mlango.

Magari yakapanda. Mzee akaondoka. Mimi nilibaki kwenye meza yangu pale getini, nikihesabu kila gari lililopita juu...

Kabla ya saa ya chakula, slabu ilishuka. Haikulipuka kama watu wanavyosimulia. Ilitoa sauti kama lori linalomwaga kokoto, sauti ndefu isiyotaka kuisha, kisha vumbi likafunika kila kitu. Watu wa bodaboda ndio waliofika kwanza. Tuliinua saruji kwa mikono hadi tukampata Jerotich chini ya ukuta wa kibanda. Alikuwa hai. Dereva mmoja wa juu aliumia shingo. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu hadi leo. Lakini hospitalini walimkata Jerotich mguu chini ya goti.

Nilipomtafuta Fred ng'ambo ya barabara, hakuwapo. Polisi walimpata baadaye kwa kaka yake.

Mnadhani yaliisha hapo? Mimi pia nilihojiwa. Mjini watu walisema mimi na Fred tulikula mali ya Mzee pamoja. Kanisani nilikaa kwenye benchi peke yangu. Mzee Kosgei hakutaka kuniona tena, na wapangaji wenzetu wakawakataza watoto wao kucheza na Ivy. Kisha vyuma vikapatikana... vimesimama katika nguzo za nyumba yetu nje ya mji, ile niliyokuwa nikiiendea kila Jumapili nikichagua mahali pa kuweka jiko.

Wakwe zangu walikuja na maneno laini. Walisema, "Nyumba ni yako pia. Ukisimama mahakamani, unaibomoa mwenyewe."

Nilienda kumwona Fred rumande. Alisema alifanya vile kwa ajili yetu, kwamba tumepanga nyumba za watu miaka mingi. Nikamsikiliza hadi akamaliza. Nikamuuliza jambo moja tu.

"Wewe ulijitoa mle ndani. Ivy ukamtoa. Mimi je?"

Alitazama sakafu. "Ningekuambia, ungemwambia Mzee."

Alikuwa amepima, akaona afadhali nikae chini ya ile slabu nisijue, kuliko nijue niseme. Niliondoka pale nikiwa mjane wa mtu aliye hai.

Nilitoa ushahidi. Alifungwa. Ile nyumba sijaikanyaga tena, na wakwe hawanisemeshi.

Nilipopata ujasiri nilisafiri hadi Burnt Forest kumwona Jerotich kwao. Mama yake alinipa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu. Jerotich alikuwa amekaa nje akiambua maharagwe.

"Ulikuwa unanishuku kweli?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Hiyo iliniuma sana. Lakini uliniambia nisiingie. Hilo pia ni kweli." Akanisogezea kiti, tukaambua maharagwe pamoja hadi jua likaanza kushuka. Hatujarudi kuwa kama zamani. Ila simu yangu huipokea.

Wasomaji wenzangu, wake na waume, nawasihi. Mtu wako akibadilisha njia zake, usikimbilie kuwaza mapenzi ya nje tu. Kuna usaliti mwingine, usionukia manukato. Uliza anakwepa nini, kabla hujauliza anamkwepa nani. Na kama unasimamia mahali watu wanapoingia na kutoka, usimpe kazi ya kuwalinda mtu unayelala naye. Mpe mgeni, kisha mwite mgeni mwingine aikague, hata kama nyumbani watakununia. Mimi nilidhani kumtafutia mume wangu kazi ni upendo. Jerotich anatembea kwa magongo kwa sababu ya upendo huo... Tafadhali, yasiwakute.