Mafuta ya Kumpaka Nabasa

Zamani, nyumba ya bi harusi ilinukia samli. Shangazi ndiye aliyempaka. Samli ilikaa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi wa majani makavu. Shangazi Mackrine alipakwa hivyo, na hadi leo akisimulia, machozi humlengalenga.

Sasa ilikuwa zamu yake kumpaka Nabasa, binti wa kaka yake, kijijini Igurwa. Lakini ng'ombe wa ukoo walikwisha siku nyingi. Kibuyu kilining'inia jikoni, kitupu. Basi Shangazi akaenda madukani Rubwera. Akafungua chupa hii, akafungua ile, akinusa kama anayechagua ndizi mbivu.

"Mafuta mazuri hujulikana kwa harufu," alisema. Akanunua yaliyonukia kuliko yote.

Akampaka Nabasa shingo na mikono. Kesho yake vipele vikatoka.

"Shangazi, yanachoma!"

"Vumilia, mwanangu. Ndiyo yanaingia." Akampaka tena, hadi mashavuni.

Vipele vikapanda usoni. Harusi ilikuwa wiki inayofuata. Nabasa akalia.

"Sitoki mbele za watu hivi. Afadhali harusi iahirishwe."

Wakamwita jirani yao Ingabire, muuguzi wa zahanati.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mtazame mtoto wangu."

Ingabire akamtazama Nabasa. Kisha akageuza chupa, akasoma maandishi madogo.

"Ona neno hili: *parfum*. Chupa nyingine huandikwa *fragrance*. Yote ni manukato. Ngozi nyingine huyakataa."

"Mbona samli yetu ilinukia, wala sikuwashwa?"

"Ngozi yako iliipokea. Mwingine hata samli humwasha. Pua haipimi mafuta, Shangazi. Ngozi ndiyo hupima."

Shangazi akaichukua ile chupa, akaifunika.

"Acheni mafuta haya kabisa," Ingabire akaendelea. "Osha kwa maji safi, usisugue. Paka vaselini isiyo na manukato. Lakini kwanza ijaribu kidogo upande wa ndani wa kiwiko kwa siku kadhaa. Ikiwasha, acha. Uso ukivimba au pumzi ikibana, kimbilieni hospitali."

Wakafanya hivyo. Kiwiko hakikuwasha. Vipele vikanywea, ngozi ikatulia. Nabasa akaanza kucheka tena.

Lakini Shangazi moyo ulimuuma. Harusi bila harufu? Asubuhi ya harusi alitungua kibuyu, akakifukiza, akakitundika mlangoni.

Nabasa akatoka, uso laini. Akasimama, akanusa.

"Ndivyo ulivyonukia siku yako, Shangazi?"

"Ndivyo, mwanangu."

Safari hii machozi hayakumlengalenga tu. Yalishuka.