Taa ya Fundi Futa

Jirani zangu, nyumba ya Fundi Futa mnaijua. Zamani, asubuhi ulikuwa unasikia redio, mkewe akicheka jikoni, na binti yao wa pekee akipiga honi kumharakisha mama yake. Siku hizi tukipita pale tunapunguza sauti.

Jina hilo alilipata gereji. Taa ya injini ikiwaka, wenzake huingia chini ya gari. Yeye huchomeka mashine ya kusoma makosa ya gari, hubonyeza, kosa linafutika, taa inazimika. "Tayari, bosi!" Tukamsifu, maana nani hapendi fundi wa chapchap?

Basi taa ikawaka kwenye gari la mkewe. Mashine ikaonyesha kosa la sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi ndani ya bomba. Akafuta. Likarudi. Akafuta tena.

"Mume wangu, nikiendesha kichwa kinaniuma. Na mtoto anasinzia njia nzima."

"Sensa tu hiyo. Haina madhara."

"Baba, taa imewaka tena," akasema binti, ambaye kazi ya kuichungulia aliipenda sana.

"Nimeshaizima, mwanangu. Panda gari."

Sensa ilikuwa nzima kabisa. Bomba la moshi ndilo lililopasuka, kabla ya kufika kwenye sensa. Hewa ya nje ilipenya kwenye ufa, sensa ikasoma vibaya. Na kwenye ufa huohuo moshi wenye sumu ukatoka, ukaingia ndani ya gari kupitia sakafuni. Kuinama na tochi kungetosha. Fundi mzima, gari la mkewe mwenyewe, na hakuinama! Hapo ndipo hasira hunipanda.

Siku ya mvua kubwa walikwama kwenye foleni, vioo vimefungwa, injini inanguruma. Watu walipovunja kioo, mama alikuwa ameshakata roho. Binti aliokolewa, lakini akili haikurudi yote.

Sasa gari limekaa uani, betri imetolewa. Kila jioni binti huchungulia dashibodi ile yenye giza, kisha huingia ndani.

"Baba, taa imewaka tena."

Naye hambishii. Huchukua tochi, hujilaza chini ya gari, humulika ule ufa. Nimemwona kwa macho yangu, na kilio chake nimekisikia hadi kwangu.

FUNZO

Kuzima taa si kutengeneza gari. Mtu wa nyumbani kwako akikwambia anaumwa, usimnyamazishe kwa jibu la haraka. Inama utafute kinachomuumiza. Nasi tunaopenda chapchap, kabla ya kupokea ufunguo tumuulize fundi: umeliona tatizo, au umelifuta tu?