Roho Mbili Katika Kofia Moja

Jumanne ile, jua likiwa limeshaegemea mlima, Yobana Ccorahua alipita dukani kununua vitu vitatu alivyoagizwa: maua meupe, sigara kali na kichupa cha manukato. Mwenye duka alimtazama, akayatazama maua, kisha akamrudishia chenji bila neno. Katika mji ule mdogo wa milima ya Ayacucho, mtu anayenunua vitu hivyo siku ya Jumanne anakwenda kuita roho ya mtu. Hakuna aliyetarajia mnunuzi awe yule binti wa zahanati anayetibu maradhi ya akili.

Yobana mwenyewe hakutarajia. Alizaliwa Lima, kwenye vibanda vya pembezoni, na mama aliyekimbia vita vya milimani na ambaye hakupenda kuulizwa habari zake. Mama alifariki miaka miwili iliyopita. Baada ya mazishi Yobana aliomba uhamisho, akaja huku juu, akapanga chumba kimoja. Tangu hapo jioni zake zilikuwa za yeye na sufuria yake. Zilipita siku nzima nzima asisikie mtu akilitaja jina lake, ila "daktari" tu.

Mgonjwa aliyemshinda alikuwa Saturnina Allcca. Miezi mitano nyuma, nyumbu aliyempanda aliteleza korongoni, wakaanguka wote wawili. Mifupa iliunga, lakini mwenyewe hakurudi. Alikaa mlangoni kwake kama nguo iliyosahaulika kambani. Vidonge vilimpa usingizi, basi. Yobana alimsomea maswali ya kwenye fomu: una huzuni? Umekata tamaa? Saturnina alijibu mara moja tu, kwa sauti ya chini.

"Unamuuliza nani, mwanangu? Mimi sipo. Nilibaki korongoni."

Jibu hilo ndilo lililompeleka Yobana kwa mzee Teófanes, mwita roho, ambaye siku nyingine aliziba pancha kando ya barabara.

"Sitaki aache vidonge," Yobana alimwambia. "Vinamlaza. Nataka na wewe ufanye kazi yako."

Mzee aliendelea kusugua tairi. "Karatasi yako imeshindwa?"

"Inauliza vibaya."

"Inamuuliza Saturnina kama ana huzuni. Si bora uliulize korongo kama lina mawe." Akacheka kwa pengo lake. "Haya. Jumanne. Ila kofia yake, ya kuibebea roho, utabeba wewe, binti. Mgonjwa amekuzoea. Roho yake nayo haitakuogopa."

Jumanne ile wakaenda wawili. Basilio, mume wa Saturnina, alibaki nyumbani na mkewe, mlango wazi, moto unawaka.

Korongoni kulikuwa na harufu ya mawe yaliyolowa. Mzee alitandaza sketi ya Saturnina juu ya jiwe, akaweka kofia yake juu yake, uwazi wake ukielekea juu. Akanyunyiza maua na manukato. Akavuta sigara, akapuliza moshi pande nne. Kisha akaita, si kwa ukali, bali kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Saturnina, njoo. Twende nyumbani. Basilio amewasha moto. Supu iko tayari. Usikae peke yako huku..."

Miaka yote ya kazi, Yobana hakuwahi kumwambia mgonjwa maneno kama hayo. Wala yeye hakuwahi kuambiwa.

Upepo ukakatika.

Nondo mmoja wa kijivu akashuka, akazunguka, akatua ndani ya kofia.

"Huyo," mzee alinong'ona.

Akaja mwingine. Mdogo. Bawa moja limechanika.

"Na huyu?"

Mzee akaacha kutafuna majani yake ya koka. "Huyo sijamwita."

"Nimtoe?"

"Ukimgusa, wataruka wote. Funga. Tunaondoka. Usigeuke. Na ukiitwa usiitike, hata kama sauti unaijua."

Yobana akaikunja sketi juu ya kofia, akakumbatia kifurushi kifuani. Mzee alitangulia, akitikisa kikengele, akilitaja jina la Saturnina kila hatua kumi. Njia ilikuwa nyembamba, mikaratusi huku na huku. Mwanga ulikuwa unakwisha. Yobana alisikia viatu vya mzee mbele yake. Akasikia vyake mwenyewe.

Kisha akasikia miguu mitupu.

Nyuma yake. Myepesi. Inakimbia kidogo, inasimama, inakimbia tena, kama mtoto anayeshindwa kufuata mwendo wa wakubwa. Ikaja harufu ya sufu mbichi na udongo. Kifurushi kikawa kizito, kana kwamba mtu amekishika upindo anajivuta nacho.

"Fermina..."

Fermina lilikuwa jina la marehemu mama yake. Huku milimani hakuna aliyelijua. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Fermina, nisubiri. Miguu inaniuma."

Mbele, mzee hakugeuka. Kikengele kikalia kwa kasi zaidi.

"Fermina... dada..."

Yobana hakugeuka. Hilo alilishika. Lakini kilikuwa kilio cha mtoto, na yeye alijua ilivyo kulala bila mtu wa kukuita. Mguu wake ukapunguza mwendo wenyewe. Na midomo yake ikasema, kwa Kikechua, ile lugha ya milimani aliyofundishwa na mama jikoni:

"Njoo."

Miguu mitupu ikanyamaza. Kitu baridi kikajipenyeza kiganjani mwake, kikatulia.

Nyumbani kwa Basilio, mzee alimvika Saturnina kofia kichwani, akamfunika sketi mabegani, akamwita jina mara tatu sikioni. Mwanamke akatetemeka, akalia kwa muda mrefu. Basilio akamshika mabega, naye analia. Kisha Saturnina akajipangusa kwa kiganja.

"Supu iko wapi? Nina njaa ya mwaka mzima."

Wote wakacheka kwa faraja. Saturnina akanywa bakuli mbili. Halafu akatazama mlangoni.

"Mwiteni na yule mtoto. Mmemwacha amesimama baridini."

Basilio akatoka na taa. Hapakuwa na mtu.

Nje, mzee Teófanes alimvuta Yobana pembeni. "Umeitika."

Yobana akaurudisha nyuma mkono wake wa kushoto.

"Wakati wa vita, watu wa kijiji cha juu walilikimbilia korongo lile. Gizani, risasi zinalia. Wengine walipita. Wengine walipotezana." Akatema majani. "Akikufuata nyumbani, usimpe chakula. Mgeni akishakula si mgeni tena. Jumanne ijayo tutamrudisha."

Kesho yake Yobana akampigia simu Lima mama yake mkubwa, Eudosia. "Mama alikuwa na mdogo wake?"



"Nani amekutajia Paulita?" Eudosia akauliza. "Alikuwa na miaka sita. Fermina ndiye aliyemshika mkono usiku ule wa kukimbia." Simu ikakatwa. Yobana alipopiga tena, haikupokelewa.

Jioni ile alipika supu ya shayiri. Akajaza bakuli lake. Akasimama na upawa mkononi muda mrefu, kisha akajaza la pili, akaliweka ng'ambo ya meza. Asubuhi halikuwa limepungua hata kijiko. Ila alipoionja supu ile, haikuwa na chumvi, wala harufu, wala chochote. Maji matupu.

Ijumaa Saturnina alikuja zahanati kwa miguu yake kuchukua vidonge, mashavu yana rangi. Alimsimulia Yobana habari za nyumbu mpya, mkaidi kama Basilio. Lakini hakukubali kukaa. Alizungumza akiwa amesimama, macho yakishuka kila mara kwenye mkono wa kushoto wa Yobana, uliokuwa umefumbata hewa.

Jumanne, jua likizama, mzee Teófanes alibisha hodi akiwa na maua. Yobana akafungua mlango nusu.

"Umempa chakula?"

"Supu kidogo."

"Mara ngapi?"

"Kila jioni."

Mzee akavua kofia. Alionekana amechoka ghafla. "Binti, nakuelewa. Chumba kimoja, mtu mmoja, baridi hii. Lakini huyo hakukufuata wewe. Anadhani wewe ni Fermina."

"Najua."

"Basi siku akiacha kulia, ataanza kuuliza."

Akayaweka maua kizingitini, akashuka zake kuelekea barabarani.

Yobana akafunga mlango. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Blanketi kando yake lilikuwa limevimba kidogo, likipanda na kushuka taratibu. Kwa juma zima sauti ile ilikuwa imesema maneno yale yale tu: baridi, njaa, miguu. Leo ilikuwa tulivu, haina kilio.

"Fermina..."

"Nipo."

"Usiku ule... mbona uliniachia mkono?"

Yobana alifungua kinywa. Vidole vidogo vikaanza kukaza, taratibu, kiganjani mwake.